Watoto Hawa Watoshe

Kasongo, tarehe 6 Oktoba 2024

Mwanangu Sifa,

Assalaam alaikum. Kabla hujauliza, sisi wazima. Baba yako Moussa anakohoa, lakini bado anagombana na kila mtu sokoni, kwa hiyo usiwe na wasiwasi naye. Mume wangu Atumani amenunua miwani mpya na sasa anasoma hata maandishi ya kwenye magunia ya chumvi. Jirani yetu Nadine amejifungua mtoto wa kike, na jina walilompa ni refu kuliko yeye mwenyewe.

Sasa wewe. Ulipanda moto ya Serge, ile pikipiki yake ya abiria na mizigo, asubuhi, umejifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda shamba na kurudi jioni. Niliporudi kutoka dukani nikauliza, Sifa yuko wapi? Kaka yangu akanijibu, akiwa amegeukia ukuta: «Amekwenda kufundisha kule upande wa Kabambare.» Miaka miwili ulikuwa ng'ambo ya ziwa, ukiwafundisha bure watoto wa watu wa nyika ya Tanzania. Ukarudi Juni. Septemba umekwenda tena, na huko nako ni bure. Mimi nakuuliza tu, mwanangu, Kasongo ina upele?

Sanduku lako la kijani liko chini ya kitanda, limefungwa kamba vile vile ulivyolileta kutoka Tanzania. Muda wote uliokaa hapa ulilala juu yake na hukulifungua, ukawa unavaa vitenge vyangu. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba panya wa nyumba hii hawajui sanduku la msafiri ni lipi.

Kuna jambo jingine. Wale akina mama wa chama cha Ujiji, waliokutuma huko nyikani, walinipigia simu. Msemaji wao ana sauti tamu sana, nimemwogopa. Anasema nafasi yako ya Nyamhembe inakungoja hadi mwisho wa Februari, baada ya hapo watampa mtu mwingine. Niliahidi kukufikishia ujumbe, basi umekufikia.

Hebu niandikie, Nyamhembe kuna nini? Tangu umerudi hukunieleza hata kidogo. Ulikuwa ukianza, «Kule Nyamhembe…», halafu unatazama dirishani.

Barua nampa Serge. Kama umesahau kwenu ni wapi, yeye anaijua njia.

Shangazi yako,
Djamila binti Hemedi

*

Kitebo, nyuma ya Wamaza, 27 Oktoba 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Wa alaikum salaam. Nimefurahi sana kupata barua yako, jamani. Mpe hongera Nadine. Mwambie baba anywe maji ya tangawizi na asijibizane na wauza samaki wa Nyangwe, hawamwezi na yeye hawawezi.

Simu yangu huku ni ya kutazama saa. Mtandao uko juu ya kilima, nusu siku kwa miguu, kwa hiyo tuandikiane. Moto iliishia Wamaza, nyasi zimeimeza njia. Nilimalizia kwa miguu. Nakaa kwa mama mmoja mjane anaitwa Dieudonnée. Yeye wa kanisani, mimi wa msikitini. Siku ya kwanza alinionyesha nyungu mbili, akasema: «Hii yangu, ninapikaka nguruwe ya pori. Hii yako, haijapika kitu mubaya.» Mpaka leo hajazichanganya.

Masomo, yaani shule yenyewe, ni hangari tu, banda la nyasi lisilo na kuta. Ubao ni mlango wa zamani. Mkubwa wa kijiji ni kapita Musafiri, mtu mpole, huongea kama anayeazima maneno. Watoto wanakuja na wanaongezeka.

Umeuliza Nyamhembe kuna nini. Kuna nyika, Shangazi. Nyasi za manjano mpaka jicho linachoka, na mtu akija kukutembelea unamwona tangu akiwa mdogo kama siafu, unachemsha chai, unakunywa wewe, ndipo anafika. Watoto walikuja na fimbo zao, kwa sababu baada ya somo walikuwa wanapokea ng'ombe malishoni. Nilifundishia karibu na zizi. Ndama alikuwa akilia katikati ya kuimba alfabeti, na watoto wakamhesabu kuwa mwanafunzi.

Siku ya kwanza ya hesabu nilisimama kwa kujiamini kote nikauliza: «Ng'ombe tano, tosha mbili, inabaki ngapi?» Darasa zima likajibu: «Inatosha, mwalimu!» Walicheka mpaka wengine wakajilaza chini. Unajua, kwao kutosha ni kitu kufika kiasi kinachotakiwa, basi. Hiki tunachokiita sisi kutosha, wao husema kutoa, au kuondoa. Kuanzia siku hiyo wakaniita Mwalimu Tosha. Nilicheka pamoja nao. Kabla mwezi haujaisha nilikuwa nasema toa, nasema ng'ombe watano, na mwaka ulipokwisha hakuna aliyejua nimetoka upande gani wa ziwa. Mambo mengine ya siku ile hayana haja ya kuandikwa.

Nimejiwekea hivi. Darasa la Kitebo likisimama, nabaki Kitebo. Lisiposimama kufikia Februari, narudi Nyamhembe, na sitaki mtu anililie.

Nakubusu mikono.
Sifa

*

Kasongo, 19 Novemba 2024

Sifa wangu,

Salamu kutoka nyumba nzima, hata kutoka kwa wale usiowapenda. Baba yako amekunywa tangawizi yako na sasa anakohoa kwa nguvu zaidi, anasema ndiyo dalili ya kupona. Mtoto wa Nadine analia mchana kutwa, na mama yake hana hata mahali pa kuweka vitambaa vyake. Atumani ndiye anayesoma barua zako barazani, kwa sauti ya imamu, na majirani wanakuja kusikiliza.

Walipofika kwenye «jamani» walicheka sana. Baba yako akauliza: «Huyu ni mutoto yangu ao ni mutoto ya redio?» Usikasirike. Kiswahili chako kimekuwa kizuri mno, mwanangu, kimevaa viatu na soksi. Nilikusikia uliporudi Juni. Ulikuwa ukimwambia yule fundi baiskeli «naomba unisaidie tafadhali», na yeye akageuka kutazama kama kuna mtu mwingine nyuma yake.

Umeandika kwamba mambo mengine ya siku ile hayana haja ya kuandikwa. Mambo gani? Mtu akisema hivyo mbele yangu, mimi hukaa chini na kuvuta kiti karibu.

Na hiyo habari ya Februari sikuipenda. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nyamhembe ni msala mzuri, nimeusikia, una ndama wanaoimba. Lakini mkeka wa kwenu umeukalia siku ngapi? Sikwambii haya kwa sababu ya duka. Dukani sikuhitaji, vitenge vinajiuza vyenyewe. Wala usidhani kuna mtu hapa anayetoka nje kila akisikia moto inapita.

Nakutumia sabuni, chumvi na samaki mkavu wa Nyangwe. Mpe na Dieudonnée. Mtu anayetunza nyungu yako ni ndugu.

Shangazi yako,
Djamila

*

Kitebo, 15 Desemba 2024

Shangazi,

Nawaombea nyote afya. Mwili wangu ni mzima. Mvua inanyesha kila alasiri, mpunga umeanza kutoa masuke, na samaki wako alifika akinuka vizuri. Dieudonnée anakusalimu kwa salamu ndefu, nusu yake ni ya Kibangubangu, kwa hiyo nakupa nusu ile niliyoielewa: anasema mtoto wako anakula kama ndege.

Sasa nikwambie. Sina darasa.

Lilikuwapo. Lilikuwa zuri kiasi kwamba nilishaanza kujisifu moyoni. Watoto walijaa hangari, kisha wazazi wa ng'ambo ya kijito nao wakaanza kuleta wa kwao, wengine wakawa wanakaa nje juani. Nilijua nikipokea wote sitafundisha yeyote. Kapita Musafiri akaitisha kikao Jumapili, watu walipotoka kusali. Akaniuliza mbele ya wote:

«Mwalimu, watoto iko wengi. Weye unasema nini?»

Nikasimama, nikajibu kwa adabu yote niliyofundishwa na wewe: «Wazee wangu, watoto hawa watoshe kwa mwaka huu. Wengine mwakani, Mungu akipenda.»

Watu wakainamisha vichwa. Niliona ni heshima. Mzee mmoja wa nyuma akauliza: «Hawa wote?» Nikamjibu: «Hawa wote.» Kapita akatazama chini, akasema: «Ni vizuri, mwalimu,» na kikao kikaisha.

Jumatatu hangari ilikuwa tupu. Nilikaa humo na chaki yangu hadi jua likafika utosini. Nilipomwendea kapita alikuwa anasuka kamba mlangoni kwake. Nikamuuliza watoto wako wapi. Akaniambia, «Iko kwao, mwalimu. Tumefanya.» Mmefanya nini? Aliingia ndani akaniletea karanga.

Siku zimepita na hakuna aliyerudi. Nimewaona mashambani wakirusha madongo kufukuza ndege kwenye mpunga. Kumbe ndiyo sababu, mpunga ni muhimu kuliko mtoto. Au labda hawamtaki binti wa Kiislamu kutoka mjini, na wamekosa namna ya kusema. Yule msichana aliyekuwa wa kwanza darasani, Marie-Thérèse, tulikutana njiani, akanipa mgongo. Akasimama ananipa mgongo mpaka nilipopita. Sijui nimemfanya nini yule mtoto, na imeniuma kuliko hangari yote.

Kule Nyamhembe mvua zikijaza mbuga, akina mama walikuwa wakiwabeba watoto mgongoni kuwavusha maji, nguo zimekunjwa hadi magotini, wanaimba. Nakumbuka mama mmoja mfugaji aliyembeba mwanawe mkubwa wa kiume mabegani kama ndama aliyevunjika mguu. Mtoto ana aibu, mama hana. Walifika wamelowa wote wawili, na mama akakaa kusikiliza somo mpaka mwisho. Nimewasimulia habari hii watu wa Kitebo mara nyingi, ili waone inavyowezekana. Hapa hata kijito hakijajaa na hangari ni tupu.

Basi. Nitumie sanduku langu kwa Serge, safari yake ya kwanza tu. Nitashika njia ya Kabambare, niteremke Baraka, nivuke ziwa. Sitapita Kasongo. Nikipita utanitazama kwa yale macho yako.

Mwanao,
Sifa

*

Kasongo, 4 Januari 2025

Sifa,

Mwaka umetukuta wazima. Baba yako vile vile, Nadine vile vile.

Sanduku halitoki.

Atumani alikuwa akisoma barua yako barazani. Alipofika kwenye maneno yale uliyowaambia wazee kikaoni, akakwama. Akayarudia. Akavua miwani. Baba yako alikuwa ameketi pale na kikombe chake. Moussa, ambaye hajacheka tangu bei ya mafuta ya mawese ipande, alicheka mpaka kikohozi kikamlaza. Mimi nililia kidogo kwanza, halafu nikacheka.

Sitakueleza. Nikikueleza, utajua kwa akili tu, na hili ni la kujua kwa sikio. Nitakwambia hili tu: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wewe umejikwaa ulimi, na unawasingizia watu wa watu kwamba wamekuwekea kisiki. Nenda anapopikia Dieudonnée, kaa na wewe, nyamaza, wasikilize wanawake wanavyoongea. Kisha uyaseme tena maneno yako ya kikaoni, polepole, kwa mdomo uliokulia Kasongo.

Na jambo hili naliandika wazi, kwa kuwa kwa miaka miwili sikulisema kwa mtu. Nyumba hii bila wewe ni kubwa mno. Kila moto ikipita natoka nje. Lakini si kwa sababu hiyo ninakunyima sanduku. Ukishajua ulichosema, na bado ukataka kwenda, nitalileta mwenyewe hadi Baraka, nikilibeba kichwani.

Shangazi yako,
Djamila

*

Kitebo, 9 Februari 2025

Shangazi yangu,

Assalaam alaikum na rehema juu ya nyumba yote. Baba akohoe kwa amani. Nimemsamehe kucheka.

Barua yako ilichelewa sana. Mto ulichukua daraja la miti kati ya Wamaza na huku, Serge akabaki Wamaza na mizigo yake hadi watu walipofunga magogo mengine. Ilinifikia nikiwa nimeshajua mwenyewe, kwa hiyo usijisifu. Ila nakiri moja. Nilikuwa nimekaa tu nangoja sanduku. Ungelituma siku nilipoliomba, barua hii ungeipata kutoka Baraka, na ningekuwa bado nawalaumu watu wa Kitebo.

Ilikuwa mchana. Dieudonnée alikuwa anakanda unga wa muhogo, mikono yote myeupe, mimi nimekaa mlangoni nimenuna. Mbuzi wawili wakapita pembeni yangu wakaingia jikoni, wakaanza kula sombe, kisamvu chetu cha jioni. Dieudonnée akapiga kelele:

«Sifa, mbuzi hawa, watoshe!»

Nikainuka, nikachukua fimbo, nikawatosha. Nilipofika nje mguu mmoja ukakataa kwenda mbele. Mbuzi hawa, watoshe. Watoto hawa, watoshe. Nilikuwa nimesimama pale na fimbo yangu, mbuzi mmoja akarudi ndani akipita kati ya miguu yangu, na mimi sikumwona.

Mimi nilitaka kusema watoto waliopo wanafikia kiasi. Wao wakasikia amri: hawa, waondoeni. Wakaniuliza, hawa wote? Nikawajibu, hawa wote. Niliwatoa watoto wa watu masomoni vile mtu anavyowatoa mbuzi jikoni, tena nikaongeza na jina la Mungu juu yake.

Nilikwenda kwa kapita hapo hapo, miguu ina matope. Nikamuuliza: «Kapita, siku ile mulisikia nilisema nini?»

«Ulisema tuwatoshe. Tukawatosha.»

«Na mbona hamukuniuliza ni juu ya nini?»

«Tuliuliza. Muzee aliuliza, hawa wote?» Akasuka kamba yake kidogo, kisha akasema bila kunitazama: «Mwalimu, tulijua sababu. Kila siku weye ulikuwa unatuambia watoto wa Nyamhembe, mama wa Nyamhembe. Tukasema, mwalimu anataka wale, hawa yetu hapana. Mutu hawezi kulazimisha mutu apende mutoto yake.»

Shangazi, ningependa ardhi inimeze. Habari nilizokuwa nikiwasimulia kwa nia njema, ili ziwatie moyo, wao walikuwa wakizipokea kama matusi, wakivumilia. Na Marie-Thérèse aliponipa mgongo hakuwa na jeuri. Alikuwa ameambiwa hatakiwi.

Jumapili nikaomba kikao. Safari hii niliacha viatu na soksi nyumbani, kama unavyosema. Nikawaambia: «Wazee, nilikosa. Kule nilitoka, wanasema kutosha kama kitu kimefika kipimo. Nilitaka kusema watoto yenu wamefika kipimo. Miye sina watoto wengine. Muwarudishe.» Watu wakainamisha vichwa kama mara ile. Nikaogopa kwamba nimekosea tena neno. Halafu Dieudonnée akaanza kucheka nyuma kabisa, akasimama, akawasimulia habari ya mbuzi, kwa Kiswahili na kwa Kibangubangu, na kuigiza nilivyosimama na fimbo. Kikao kizima kikaangua kicheko. Yule mzee wa nyuma alifuta machozi akaniuliza: «Basi, mwalimu, hawa wote?» Nikasema: «Hawa wote, Muzee.» Na wa ng'ambo ya kijito tumewapangia alasiri.

Jumatatu walikuja. Siku hizi mtoto akichelewa wenzake wanamwita mbuzi wa Dieudonnée. Marie-Thérèse alikaa nyuma siku mbili, ya tatu akarudi mbele, mahali pake. Nilimpa tu chaki aandike tarehe.

Uliniuliza mambo ya siku ile ambayo sikutaka kuyaandika. Ni haya. Watoto wa Nyamhembe waliponicheka, nililionea haya neno la nyumbani. Nilikwenda nyuma ya zizi peke yangu nikawa najirudia, toa, toa, toa, mpaka ulimi ukakubali. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Baada ya tosha nikafukuza neno jingine, na jingine, hadi niliporudi kwetu nikawa nasema kama mgeni anayeomba njia. Ndiyo sababu sikufungua sanduku. Nilidhani ninachokikosa nimekiacha kule, kumbe ni cha hapa, maneno ya kwetu, niliyoyaacha kabla ya kuondoka kule.

Wale watoto hawakuwa na ubaya. Siku ya kuondoka kwangu walinisindikiza hadi barabarani na fimbo zao, wakiimba «Mwalimu Tosha! Mwalimu Tosha!» Nilipanda lori nimekunja uso, nikidhani bado wananicheka. Sasa nalisikiliza lile jina kwa Kiswahili chao wenyewe, na naona huenda walikuwa wakisema kwamba mwalimu huyu anatosha. Nilikuwa nao miaka miwili, na sikuwauliza. Nawapenda bado, na Kitebo siwasimulii tena ila wakiniomba. Juzi wameniomba habari ya yule ndama anayeimba.

Akina mama wa Ujiji nimewaandikia, Serge ataipeleka barua Kabambare ifuate njia ya ziwa. Nimewashukuru. Nimewaomba wawasalimie watoto wangu wa Nyamhembe, na yule mama mfugaji. Mwishoni nimeandika kwa makusudi, vile tunavyosema sisi: «Jina langu mulitoshe.» Watacheka sana. Wakimaliza watamtafuta mtu wa Kasongo awaeleze, na Ujiji hawakosekani.

Mwanao,
Sifa

*

Kasongo, 2 Machi 2025

Mwanangu Sifa,

Salamu za mwezi mtukufu. Tumeanza kufunga, koo zimekauka na hasira ziko karibu, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Baba yako anafunga na kukohoa, anasema vyote viwili ni ibada. Wasalimie kapita na Dieudonnée, na mbuzi wake.

Barua yako sikumpa Atumani. Nimefunga mlango wa duka nikaisoma mwenyewe. Unasema nisijisifu. Najisifu, na nimeshawaambia wateja.

Idi utaifanya huko huko, usikimbilie njia mbovu kwa ajili ya wali. Watoto wakifunga masomo mwezi wa saba, njoo na Marie-Thérèse kama mama yake ataruhusu, nimwone huyo mwenye mgongo.

Leo nimelivuta sanduku lako kutoka chini ya kitanda. Fundo lako lilikataa, kamba nimeikata kwa kisu. Shuka ya wafugaji yenye mistari niliyoikuta ndani nimeifua, nimeianika kamba moja na kanzu za baba yako. Kibuyu cha maziwa nimekitundika ukutani, mahali ambapo kila anayeingia ataniuliza nami nitamwambia. Nguo zako ziko kabatini, upande wa kushoto, ule uliokuwa wako. Sanduku lenyewe nimempa Nadine, aweke vitambaa vya mtoto.

Vyako vyote nimevitosha.

Shangazi yako,
Djamila binti Hemedi